Viganja vya Neema

Mwanangu, iko siku moja ninaikumbuka hata nikikataa kuikumbuka. Nilikuwa nimemaliza tu masomo, infirmiye, muuguzi mupya wa bluze nyeupe. Watu wa Saio, mutaa wetu, wakaanza kuniita dokotere, na mimi mujinga nikaitika.

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, akaniletea mutoto wake Neema, wa miaka mine. Viganja vilikuwa vyekundu kama vimetolewa kwenye maji ya moto, vinatoa jasho, ngozi inabambuka. Nyayo vilevile. Alikataa hata kushika kijiko.

"Ni upele," nikasema, hata kumukalisha sikumukalisha. Nikamupa pomade ya kupaka. Haikusaidia, nikamupa ingine yenye nguvu.

"Mama mudogo, inachoma," akalia. Nikamukaripia, eti aache madeko. Aibu, mwanangu! Neno lile linaniuma mpaka leo.

Na kuuliza? Sikuuliza. Shemeji alikuwa ananunua zahabu kwa wachimbaji, na kwetu zahabu ya mutu haiulizwe. Mwenye kuuliza anaonekana mwizi. Niliona sufuria ndogo nyeusi kwenye mbabula yao ya makaa, nikajifanya sijaona. Nikaiita heshima.

Miezi miwili ikapita hivyo. Neema akaanza kutetemeka, meno yakamutoka, miguu ikakataa kumubeba. Ndipo tukamupeleka kwenye kituo cha afya cha Marabo, kwa muzee infirmiye aliyenifundisha kazi.

Muzee hakugusa dawa. Alivishika vile viganja muda murefu, akauliza kama iko mwingine anayejikuna nyumbani. Yaya akasema hakuna. Akamugeukia yaya: "Mama, jikoni kwenu munapika nini zaidi ya chakula?"

Yaya akaniangalia kwanza mimi. Kisha akasema bwana yake anachoma zahabu na merkire, ndiyo zebaki, ile dawa nzito inayong'aa, palepale Neema anapoota moto kwa sababu ya baridi.

"Basi hii si upele," muzee akasema. "Upele ungewakamata na ndugu zake wanaolala naye. Huyu amevuta moshi wa merkire." Akanigeukia: "Na weye, binti, ulitibu ngozi tu. Nyumba yao unaijua kuliko mimi."

Hospitali kubwa ikamupokea, shemeji akahamisha moto wake, viganja vikapona. Lakini mikono haikuacha kutetemeka. Leo Neema ni mama wa watoto, na akinimiminia chai, inamwagika kwenye sahani, naye anacheka tu. Mimi ninaangalia pembeni. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu hajaondoka nyumbani.

Weye unaanza kazi hii ya infirmiye juma lijalo. Kuuliza si ujinga. Uliza mugonjwa anashika nini, anavuta moshi gani, nani mwingine anaumwa. Uliza hata kwa shemeji yako. Akikasirika, hasira yake itapoa. Na dawa ya kwanza ikishindwa, usiongeze nguvu ya dawa, ongeza maswali. Usipojua, sema mapema sijui, umupeleke kwa anayejua. Na mutoto akikuambia inachoma, mwanangu, umuamini.

Mungu akupe masikio ya kusikia wadogo, na akulinde usizeeke na deni kama hili langu. Amina.