Kitabu ya Laurentine Ndani ya Godoro

Mutoto wangu mwanamuke, Mbelu, alikuwa anashona manguo pa Dilala, mu muji ya Kolwezi, mu nyumba yenye kampuni ilinipatia wakati nilikuwa nafanya kazi ya kuchimba shaba mu mine. Mi, baba yake, nilikuwa namuachia mashini, naenda kutembeza sindano na bifungo mpaka mutaa ya Manika, juu miguu yangu haipendi kukaa.

Mwaka 1975 bidole yake ikavimba. Asubui makasi inamushinda kufungua. Kisha wekundu ikatoka ku mashavu yote mbili, na jua ikimupiga inazidi. Munganga wa mifupa akatoa bidonge, wa ngozi akatoa mafuta. Nywele ikaanza kuanguka. Majirani wakasema amejiunguza na mafuta ya kujichubua, na mutoto akaacha kutoka inje.

Miaka mbili tulizunguka vile. Siku moja Ngeleka, infirmier mwenye kutunza bagonjwa ku dispensaire ya kwetu, akanicheka: "Tata Kalala, we unatembeza mutoto sawa bifungo byako! Kila mulango kimoja. Enda Lubumbashi, kuko munganga wa magonjwa ya ndani. Ule anaangalia mwili yote pamoja."

Tukapanda treni. Munganga akauliza: "Kabla ya hii bidole, alishakuwa na ugonjwa ingine?"

"Hapana, docteur."

Mbelu akaangalia chini. "Tata," akasema polepole, "na ile mwaka ya magoti?"

Nilisikia haya mpaka ku masikio. Mwaka 1969 alilala hopitali miezi mbili: magoti, homa, mukojo yenye povu. Yote iliandikwa mu kitabu yake ya hopitali. Lakini ku ganda yake kuliandikwa Laurentine, jina yake ya ubatizo. Mwaka 1972, wakati serikali ilikataza majina ya bazungu, mi niliogopa watatufukuza mu nyumba ya kampuni. Nikashona ile kitabu ndani ya godoro. Kisha, wakati bidole ilivimba, ku dirisha ya hopitali nikasema: huyu Mbelu, ni mugonjwa mupya. Na kila munganga akaanza mwanzo.

Nikamuelezea munganga yote. "Kitabu iko wapi?" akauliza.

"Ndani ya godoro, docteur. Yeye analala juu yake."

Munganga hakunigombeza. Ingekuwa afazali angenigombeza.

Nilirudia Kolwezi peke yangu, nikapasua godoro na makasi ya Mbelu mwenyewe, nikaleta kitabu. Munganga akaweka kitabu ya zamani pembeni ya karatasi ya mupya, akasoma mara mbili.

"Magoti, uso, nywele, mukojo. Ni ugonjwa moja tu, unaitwa lupus. Mwili wake unajipiganisha wenyewe. Hakuna mafuta yenye kumuunguza." Akamupatia bidonge ya kunywa kila siku, akamukataza jua, akasema arudie kila mwezi. Kisha akageukia mi: "Mafigo imeshaguswa, Tata. Kama ningesoma hii miaka mbili yenye ilipita..."

Akafunga kitabu, akapatia Mbelu.

Ku gare ya treni nikachukua kikapu yake, nikanyoosha mukono nichukue kitabu pia.

"Acha, Tata," Mbelu akasema, bila kasirani. "Hii nitabeba mwenyewe."

Akaipachika mu kitenge, pa tumbo. Tukaenda kupanda treni, yeye upande ya kivuli, mi upande ya jua.