Gitaa kwa Sauti ya Chini

Mimi ni mtu wa kelele. Kwa miaka ishirini nilipiga gitaa la umeme katika bendi ya hoteli mjini Jinja, nyuma yangu amplifaya refu kama kabati, na kama umewahi kupiga muziki kwenye harusi za watu wa Buwenge, unajua kwamba wakishashiba hakuna anayekuomba upunguze sauti. Kwa hiyo daktari wa masikio aliponiambia kwamba sikio langu la kushoto limekwisha na la kulia linalifuata, nilicheka. Yeye hakucheka. Alipoona sikumsikia vizuri, aliniandikia kwenye karatasi: ukiendelea kupiga kwa sauti kubwa utalipoteza na hili, na likienda halirudi.

Karatasi ile niliichana kabla sijafika stendi. Mke wangu sikumwambia kitu.

Yeye ni askari jela, mtu wa Teso; mimi ni Msoga. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili kile cha kambini, na hadi leo namwita afande nikitaka chai. Alipohamishiwa Mbale, tulipanga nyumba mtaa wa Nkoma, nami nikaiacha bendi. Wenzangu niliwaambia namfuata mke. Mke nilimwambia kwamba kuanzia sasa nitapiga kwa sauti ya chini, kwa sababu nyumba za Nkoma zimebanana na kuna wanafunzi wanaosoma. Akasema ni jambo la heshima. Nikapokea sifa hiyo bila aibu.

Shida ni kwamba muziki ninaoupenda ni bluzi, na sauti ya bluzi ya zamani haipendi kunong'ona. Ni sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na inatokana na valvu, zile taa ndogo za kioo ndani ya amplifaya za kale. Ukizifungulia mpaka mwisho, zinachoka, na uchovu huo ndio utamu wenyewe. Ukipunguza, unabaki na sauti safi, nyembamba, ya kwaya ya watoto. Mimi siyo kwaya ya watoto.

Nikauza lile kabati, nikanunua amplifaya dogo la valvu, la wati tano. Fundi redio mmoja wa mjini Mbale akanitengenezea kisanduku cha chuma cha kuweka kati ya amplifaya na spika. Kazi yake ni kula nguvu: valvu zinachoka kama kawaida, lakini nguvu nyingi zinaishia kwenye kisanduku kama joto, na spika inapata makombo. Juu yake kuna kitufe cha kuzungusha, cha kuamua spika ipewe kiasi gani. Fundi alinionya nisikiguse kisanduku kile kikiwa kinafanya kazi, kwa kuwa kinachoma kama pasi. Spika niliielekeza kwenye godoro lililosimamishwa ukutani. Nikaacha kupiga kwa kipande cha plastiki, nikatumia kidole gumba. Wiki ya tatu sauti ile ikaja, ndogo, na mkwaruzo wake wote. Nililia, tena nililia vizuri.

Sasa nitajuaje kwamba ni ndogo? Kuna watu hupima kwa simu. Nilidharau. Masikio yaliyofanya kazi miaka ishirini yapimwe na simu? Nikajiwekea kipimo changu mwenyewe. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka kazini saa kumi, anaingia jikoni kupika, na anapenda kuongea akipika. Nikasema, maadamu napiga gitaa na bado namsikia akiongea jikoni, niko salama. Akaongea habari za gereza, za bei ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, sokoni, za dada yake. Nikamjibu huku napiga. Kila neno nilikuwa nalipata.

Baada ya muda niliona sauti imepungua unene, nikazungusha kitufe kidogo, kama unene wa ukucha. Bado nilimsikia. Wiki iliyofuata nikaongeza tena. Bado nilimsikia.

Mambo mengine yalikuwa yakiondoka. Siku moja niliona ua umelowa, mvua imeshuka kutoka mlima Wanale na kupita juu ya mabati yetu, na mimi nimekaa ndani sina habari. Nikasema mvua ya Mbale ni laini. Boda boda nusura inigonge karibu na duka. Dereva alinitukana, nikaona tu meno yake. Ndani ya kichwa kulikuwa na mbu asiyetua. Niliogopa. Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, nililala nikimsikiliza jogoo wa jirani, na siku nyingi jogoo hakuwapo. Lakini ikifika saa kumi namsikia mke wangu neno kwa neno, kupita gitaa na ukuta, na hofu inaniacha. Nilijiambia kwamba sikio linajua kuchagua lipendacho.

Ijumaa moja, baada ya swala, jirani yetu alikuja mlangoni. Ni mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu, mzee mwenye adabu, wa wale wanaokusogelea sana wanapoongea. Alikataa kiti. Alinishika bega, akaniinamia upande wa sikio la kulia.

"Bwana, mimi si mtu wa kuingilia nyumba ya watu. Lakini bibi yako nakugombeza kila siku saa kumi, mtaa mzima nasikia. Umemkosea nini?"

Nilimwambia hatujawahi kugombana. Akaniangalia kwa huruma, kama wanavyoangaliwa wanaume wanaoficha. Nikamuuliza, polepole, kama gitaa langu wanalisikia.

"Gitaa? Hiyo tunaisikia mpaka kule kwa stendi ya boda boda. Hiyo hakuna neno, ni muziki. Sisi tunaogopa ile kelele ya bibi."

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti alichokikataa.

Mke wangu alirudi, akavua kofia ya kazi, na mdomo wake ukacheza. Sikupata kitu, na gitaa lilikuwa limezimwa. Akanitazama. Akarudia, na midomo yake ikafanya vilevile, na nyumba ikawa kimya vilevile. Ndipo nikamweleza kila kitu: daktari, karatasi, sikio la kushoto na la kulia, na kipimo changu cha jikoni. Alisimama ameikumbatia kofia. Kisha akavuta pumzi na kutumia ile sauti ya gwaride.

"Wewe ulisema ni sababu ya majirani. Majirani hawakusema kitu. Na wewe ulikuwa na furaha. Mimi nikaongeza sauti tu, juu ya gitaa yako, kila siku. Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa na kiburi, na kiburi si jibu la kumpa mke.

Aliwasha amplifaya mwenyewe, akangoja valvu zipate moto, akaniwekea gitaa mapajani. Akaniashiria nipige. Nikapiga. Akapiga magoti karibu na kisanduku, akashika kitufe, akaanza kukirudisha nyuma, akiongea muda wote, macho yake kwangu. Gitaa likazidi kupungua, likapotea. Sauti yake ikapotea pia. Mdomo ukaendelea, ukitulia zaidi na zaidi, hadi akafika pale ambapo mtu anaweza kuongea na mumewe bila kupaza sauti. Hapo akaacha kuzungusha.

Vidole vyangu viliendelea. Mbao ya gitaa ilikuwa ikitetemeka kifuani, kwa hiyo nilijua kuna kitu. Nikamuuliza, sijui kwa ukubwa gani, kama ule mkwaruzo upo.

Alifumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakaa sakafuni kando ya godoro, akiwa na sare yake ya kazi, akanisikilizia mpaka vidole vyangu vilipochoka.