Kuku ya mama mukwe ndani ya elikopta

Bandugu, leo nilifungwa ndani ya elikopta, sikuweza hata kujikuna.

Tuko muji wa Baraka, jua kali. Mimi muuguzi, mikanda imenibana kifua. Glasiere, sanduku ya baridi ya chanjo ya batoto ba Lulimba, iko juu ya magoti yangu, barafu inayeyuka.

Piloti anasoma liste yake kwa sauti, kidole chini ya kila mustari. Batri, sawa. Mafuta, sawa. Anapeleka mukono awashe moteri.

Nyuma yetu: kokooo!

Akageuka. "Mama infirmiere, hii ni nini?"

Nilijua palepale. Mama mukwe wangu hawezi kuacha muntu asafiri mikono mitupu. Piloti alipomaliza kukagua, mama mukwe alifungua mulango ya mizigo, akaweka kuku ya kupelekea kaka yake wa Lulimba.

Na mulango haikufungika vizuri.

"Ingefunguka tuko juu," piloti akasema. Hakucheka.

Akatoa kuku, akazunguka elikopta yote upya. Liste nayo itaanza tena kwa mustari wa kwanza. Na mi niko pale tu, nalowa jasho.

Sasa mama mukwe, bado kando ya uwanja, anaona mulango ya mizigo iko wazi. Anakuja mbio na mufuko ya unga ya muhogo.

Nikapiga kioo kwa nguvu zote.

Akanipungia mukono.