Kadi Mbili za Njano

Sisi wa mpakani hatujui kujiandaa kwa safari ya nchi nyingine. Mama yangu huvuka upande wa Uganda kununua matoke na kurudi kabla maji ya chai hayajachemka, na hajawahi kuliita jambo hilo safari. Kwa hiyo nilipotengeneza jedwali la fungate yetu, lenye mistari arobaini na mmoja, kila mstari ukiwa na siku, saa na jambo la kufanya, watu wangu waliona kwamba masomo yamenizidi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo. Kwa miezi mingi nilikuwa nimechimba sampuli katika mashamba ya Chakol na Butula, nikaitia kila moja katika mfuko wake na kuiandikia tarehe, saa na kina. Mchumba wangu alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani, Malaba. Kazi yake ilikuwa kuzisoma karatasi za malori kabla ya afisa kuzisoma, na kuona kile kisicholingana: uzito huu na ule, tarehe hii na ile. Nadhani hilo ndilo lililotuunganisha. Kila mmoja wetu alimwamini mtu anayeandika tarehe.

Tulichagua Unguja. Yeye alitaka bahari, ambayo alikuwa ameiona mara moja tu, tena kupitia uzio wa bandari ya Mombasa. Mimi nilitaka mahali ambapo hakuna mtu angetujua. Nililinganisha hoteli tisa, nikabaki na moja ya upande wa mashariki, nikawaandikia kuuliza juu ya vyandarua, saa za maji kupwa na kujaa, na umbali kutoka mlangoni hadi mchangani. Walinijibu kwa adabu kwamba ni hatua hamsini, kutegemea miguu ya mtu.

Siku moja tulikuwa tukinywa chai Malaba, na dereva wa lori la mafuta, mteja wake wa miaka mingi, akatugeukia.

"Boss, nasikia hanimuni yenu ni ya kisiwa. Na mkikosana huko?"

"Tukosane kwa nini?" mchumba wangu akauliza.

"Watu hukosana, bwana! Hapa ukikosana na bibi unavuka Uganda, unakula chapati ya mayai, hasira inaisha. Sasa kisiwa utavuka wapi? Utatoka mlango ya mbele umenuna, uzunguke, uzunguke, ukuje kutokea mlango ya nyuma. Na yeye amekaa tu hapo anakungoja." Kisha akaniambia mimi, "Msomi, hiyo pia andika kwa ile karatasi yako."

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Mstari wa kumi na saba ulisema: chanjo ya homa ya manjano, wote wawili. Bila kadi ya njano tusingeruhusiwa kuingia kisiwani, na kadi hiyo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Tulikwenda pamoja Jumatatu asubuhi, kwenye ofisi ya afya hapo mpakani. Yeye alitangulia. Alitoka akijishika bega kwa madaha, akatangaza kwamba sasa yeye ni mtu wa kimataifa.

Muuguzi, mama wa makamo, aliufunga mlango nyuma yangu na kuyasoma maswali yake bila kuinua macho. Mayai yanakudhuru? Hapana. Unatumia dawa yoyote? Hapana.

"Uko na mimba, dada?"

"Hapana."

"Mwezi wako wa mwisho ulikuwa lini?"

Nilifungua mdomo nitaje tarehe, nikagundua kwamba sina tarehe. Mimi, ambaye ningeweza kukuambia saa ambayo mfuko wa udongo ulifungwa katika shamba la mtu miezi minane nyuma.

Muuguzi aliirudisha sindano kwenye sinia. "Hii hatuchomi mama mjamzito hivi hivi. Nenda upime, halafu urudi."

Nje nilimwambia mchumba wangu kwamba nina mafua, na kwamba wamesema nirudi nikipona. Sikuuona kuwa uongo. Sampuli moja si matokeo, na pale sikuwa na hata hiyo moja. Nilipima mara tatu kwa siku tatu, kwa vipimo nilivyonunua katika maduka matatu tofauti ya dawa mjini Busia. Vyote vitatu vilikubaliana.

Hata baada ya hapo sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimepata mahali pa kumwambia. Nilifungua jedwali, nikauendea mstari wa siku ya pili, asubuhi, palipokuwa pameandikwa "matembezi ufukweni". Nikafuta. Nikaandika: "Kumwambia." Niliulizia pia juu ya barua ambayo daktari humwandikia mjamzito asiyeweza kuchanjwa, nikaiwekea mstari wake. Nilifikiri nimekumbuka kila kitu.

Siku ya kumi na tano tangu Jumatatu ile nilikuwa chumbani kwangu, Busia, nikisahihisha sura ya nne ya tasnifu, na damu ikaanza. Kufikia saa sita mchana nilikuwa katika zahanati, na daktari alikuwa akinieleza kwamba jambo hili hutokea mara nyingi, kwamba si kosa la mtu, na kwamba nisubiri wiki moja kabla ya shughuli yoyote nzito. Nilimshukuru. Nilipanda bodaboda kurudi nyumbani, nikamwomba mwendeshaji aende taratibu.

"Umebeba mayai, madam?" aliuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akaenda taratibu kweli, akilikwepa kila shimo.

Nyumbani nilikuta barua pepe kutoka hotelini. Walitaka kujua kama tungependa maua yatandazwe kitandani kwa umbo la moyo siku ya kufika. Nilijibu: "Ndiyo, tafadhali. Tutashukuru." Kisha nikarudi kwenye sura ya nne, nikafanya kazi hadi jioni. Sikulia. Siandiki hivyo kwa kujisifu. Mkono ukiulalia hufa ganzi. Unauona ni wako, unaweza hata kuuinua kwa mkono wa pili na kuuweka mahali unapotaka, lakini haukupi habari yoyote. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Mchumba wangu aliponipigia simu akauliza, "Hiyo mafua nayo?" nikajibu kwamba yamepungua.

Nilisubiri wiki moja, kama nilivyoagizwa, nikarudi kwa muuguzi yule yule. Alinikumbuka.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Na?"

"Nilikuwa nayo. Sasa sina."

Aliinua macho. Nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia. "Pole, mwanangu," akasema. Akaichukua sindano, akauliza, "Mkono gani?"

Nikampa wa kushoto. Aliandika tarehe kwenye kadi, akagonga muhuri. Nilihesabu pale pale mlangoni: siku kumi zingetimia siku mbili kabla ya safari. Jedwali lilikuwa salama. Jioni hiyo nililifuta neno "Kumwambia", na kwa kuwa sikupata la kuweka badala yake, niliuacha mstari wazi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, mchumba wangu alikuja mchana na faili la plastiki ili tupange nyaraka zetu, kama anavyopanga za malori: pasipoti, tiketi, karatasi ya hoteli, kadi. Alizilaza kadi mbili za njano mezani, moja kando ya nyingine, akazisoma tarehe.

"Hizi haziendi pamoja."

"Kivipi?"

"Yangu na yako. Siku ishirini na mbili."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua ya siku ishirini na mbili ningeisikia kwa simu." Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa na uso ule wa kazini. "Lori likikaa hivyo kati ya muhuri na muhuri, mimi huuliza dereva kitu moja tu. Hapa katikati kulitokea nini?"

Nilimwambia. Nilimweleza kwa mpangilio: swali la muuguzi, vipimo vitatu, siku ya kumi na tano, zahanati, bodaboda. Sidhani kama nilichukua dakika nne. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na haikusogea.

"Na ukanyamaza."

"Nilipanga kukuambia huko." Nikamfungulia jedwali na kumwonyesha mstari mtupu wa siku ya pili, asubuhi, kana kwamba ni ushahidi. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma kitu ambacho hakipo. Kisha akainuka, akatoka. Nilisikia lango la ploti niliyopanga likifungwa.

Nilibaki nimekaa. Nilikumbuka maneno ya yule dereva: hapa kwetu mtu aliyekosewa ana pa kuvuka. Nikaanza kupanga akilini nani apigiwe simu kwanza ikiwa harusi haitakuwepo: mama, kisha mchungaji, kisha waliotukodisha viti. Mpangilio ulikuwa mzuri. Nilipofika kwa hoteli, sikuweza kuamua niwaandikie nini.

Alirudi baada ya karibu saa moja, viatu vyake vikiwa na vumbi jekundu.

"Nimefika mpaka kwa geti ya Uganda," alisema. "Sikuvuka."

Aliketi alipokuwa ameketi mwanzo. Alizitia kadi zote mbili katika mfuko mmoja wa plastiki, ya kwake juu, ya kwangu chini, akaufunga. "Hiyo laini ya siku ya pili usiandike kitu. Wacha ikae hivyo."

Tulifunga ndoa Jumamosi. Katika uwanja wa ndege wa Unguja afisa wa afya alizitazama kadi zetu kwa muda usiofika pumzi mbili, akaturudishia. Kitandani tulikuta maua mekundu, umbo la moyo, lililopangwa kwa uangalifu mkubwa. Nilimweleza kwamba niliyakubali mimi, na nikamtajia siku niliyoyakubali. Aliyakusanya yote kwa viganja viwili, akayaweka dirishani, tukalala.

Asubuhi ya siku ya pili tulikaa mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa, na bahari aliyoitamani ilikuwa mbali, mstari mwembamba tu. Alianza kuniuliza. Ilianza saa ngapi? Nilikuwa nimevaa nini? Nilikwenda zahanati kwa miguu? Nani alinishika mkono? Nilikula nini jioni ile? Nilimjibu moja baada ya jingine, kwa mpangilio, na hakunikatiza hata mara moja.

Kisha akauliza kama mvua ilikuwa ikinyesha huko Busia siku hiyo, kwa sababu Malaba ilinyesha, na yeye alikuwa amejikinga chini ya trela akinywa soda, akicheka na madereva.

Nilijaribu kukumbuka. Sikukumbuka. Hapo ndipo nilipolia.