Rweya Haina Mwenyewe

Kazi yangu ni kuutangulia mtambo wa kuchoronga. Kabla kampuni haijatoboa ardhi kutafuta nikeli, madini ya betri za magari ya umeme, mimi hupita nyumba kwa nyumba kuomba ridhaa. Nimezaliwa huku Muleba, kwa hiyo niliona hakuna wa kunifundisha.

Kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, sikosei. Kila mgomba una mwenyewe, na babu zake wamezikwa hapo hapo. Lakini karibu na Kagoma mashimo yalipangwa rweya, kule kwenye nyasi nje ya migomba, tunakochunga ng'ombe. Nikawauliza wanaume wa kijiji. Wakasema rweya haina mwenyewe, ni ya wote. Nikaridhika, mjinga mimi, wakati nimekuzwa kwa njugumawe ambazo wanawake hulima huko huko. Vijishamba hivyo mwanamume wa Kihaya havihesabu kuwa shamba, na mimi, kumbe, ni mwanamume wa Kihaya kamili.

Lori lenye mtambo likapita juu ya njugumawe zikikaribia kung'olewa. Nyingi zilikuwa za mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Mwaka huu hana nyingine.

Bosi wangu, mgeni lakini muungwana, alisikia minong'ono akaitisha mkutano. Alisema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri kwa Kihaya: aliyeharibiwa mazao asimame, atalipwa fidia, na aliyeomba ridhaa bila kuuliza vizuri ataondolewa kazini. Kila mtu pale alijua ni nani.

Mama mdogo alikaa mbele, kucha zake zina udongo bado. Wanawake wenzake walimtazama yeye kwanza, maana ndiye mkubwa wao. Yeye akanitazama mimi, halafu akasema taratibu kwa Kihaya, akianza na neno la heshima:

"Waitu, mimi sikuwa na kitu pale."

Wenzake wakainamisha vichwa. Hakusimama hata mmoja.

"Amesema nini?" bosi akaniuliza.

Ningeweza kusema ukweli. Nikamfikiria mke wangu kule Ijuganyondo, mjini tulikopanga, nikafikiria kodi ya nyumba, nikajichukia huku nikiendelea kufikiria. Kisha nikatafsiri, neno kwa neno.

Bosi akashusha pumzi. Akanisifu mbele ya wote kwa kazi safi, akaomba nipigiwe makofi. Mama mdogo ndiye aliyeanza kupiga.