Mstari wa Buluu kwenye Kisu cha Baba

Wateja wa kibanda changu sokoni Machakos huuliza swali moja: kisu kipi ni kizuri? Huwajibu kwa maringo ya mtu aliyejifunza kwa kuharibu. Hiki kinachong'aa hakishiki kutu hata ukikisahau majini, lakini makali yake huisha upesi. Kile cheusi kimefuliwa kwa springi ya lori. Ukikatia embe hubadilika rangi, usipokikausha hushika kutu, ila makali yake hukaa. Cha tupa ni kigumu zaidi, nacho kikianguka kwenye sementi huvunjika. Halafu huwaonya wasinoe kisu kwa mashine ya grainda. Hapo sauti yangu huwa kali kuliko inavyostahili.

Kisu cha baba kilikuwa cha springi. Alikuwa mchongaji kwetu Kalama, na kila mjukuu alimtengenezea kigoda cha miguu mitatu. Kile cha binti yangu kilikuwa kimebakiza mguu mmoja tu kikamilike. Jumamosi moja nilimkuta baba akinoa kisu chake kwenye jiwe, polepole, akikimwagia maji, na subira yangu, ambayo haijawahi kuwa ndefu, ikaisha. Alipojilaza mchana nikakichukua, nikakipeleka kwa fundi wa mageti. Dakika mbili za grainda, cheche kila mahali. Kikarudi na mstari wa buluu kwenye makali. Mimi niliuona kama urembo.

Baba alikigeuzageuza. "Hii kisu imetoka wapi?"

"Nimekunolea, baba. Ona vile inang'aa."

"Umeipika, mwanangu. Imekufa."

Nilicheka, nikadhani ni ukaidi wa uzee. Akakisukuma kwenye mti wa muhugu aliokuwa akiuchonga, na makali yakajikunja. Hapo ndipo nilipopaswa kuomba msamaha. Badala yake nikasema, "Si nitakununulia ingine?" Nikamletea kinachong'aa kuliko vyote dukani. Alishukuru, akajaribu kuchongea, makali yakaisha kabla ya gome kuisha. Akampa mama amenyee viazi. Kigoda kikawekwa nyuma ya mlango. Kila nilipomtembelea nilikiona, na kila mara nilizungumzia mvua.

Tulimzika baba kabla mahindi hayajakomaa. Wiki chache baadaye nilikipeleka kile kisu kwa mhunzi kule Masinga, nikitaka tu kujua kama kweli kilikufa.

"Kufa?" akaniuliza. "Moto ya grainda ndio imeifanya laini. Na moto ndio itairudisha."

Alikipasha hadi kikawa chekundu, akakizamisha kwenye oili chakavu, akakipasha tena kwa moto mdogo kisije kikavunjika kama cha tupa. Kisha akakinoa kwenye jiwe, kwa maji. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Mhunzi yule alikuwepo wakati wote baba akiwa hai, na mimi nilikuwa na miguu ya kwenda kumtafuta. Nilijichukia njia nzima ya kurudi.

Majuto ni mjukuu, tunasema. Mjukuu mwenyewe ana miaka saba, na kigoda chake hukiegemeza ukutani, upande wenye tundu lisilo na mguu, ndipo akikalie. Juzi aliniona nikipaka kisu cha babu yake mafuta.

"Mama, si hiyo kisu ilipona? Si umalizie mguu?"

Nikamwambia nitaona. Mimi ni muuza visu. Kuchonga sikuwahi kumwomba baba anifundishe.