Aisilandi na Estonia za Darsait

Wiki iliyopita nilipeleka gari mtaa wa Darsait kwa fundi wa rejeta, nikakuta tingatinga linabomoa jengo tulilokulia. Nilisimama juani na mafundi wa gereji tukitazama. Kila lilipopiga ukuta, jiko la mtu lilifunguka hadharani: vigae vya buluu, bomba lililopinda, misumari ya kutundikia sufuria. Jiko la bibi yangu lilikwenda kwa pigo moja. Fundi akaja kuniambia gari liko tayari, nikamwomba aniache kidogo. Lilikuwa limebaki jiko la jirani yetu, na sikutaka kuondoka kabla halijaanguka.

Nikueleze nilikuwa mtoto wa kike wa namna gani, usije ukanionea huruma bure. Nilikuwa mtoto wa kuuma. Nilimuuma binamu yangu mkono hadi akashonwa, na nilimuuma daktari aliyekuja kunitazama meno. Bibi ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama alifanya kazi wizarani, na bibi naye hakuwa mpole. Kandambili yake ilinifikia popote nilipokimbilia, hata nyuma ya mlango wa choo. Akimaliza kunipiga huniita nikae naye sakafuni, tukamenya vitunguu thomu pamoja, akinisimulia Unguja huku mgongo wangu bado unawaka. Chini ya dirisha mafundi walikuwa wakiponda mabati tangu asubuhi, na yeye akiyalaani mabati na mafundi kwa Kiswahili wasichokielewa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Mlango wetu ulitazamana na wa jirani. Wao nao ni watu wetu, Waarabu waliorudi kutoka Unguja kama sisi, na binti yao alikuwa rika langu, tukisoma darasa moja na kukaa dawati moja. Baina ya milango hiyo miwili vyombo havikupumzika. Bibi akipeleka mkate wa kumimina, sahani ilirudi na ndimu, au ndizi mbili, au hata sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Tupu haikurudi kamwe. Kwetu sisi, kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia asikanyage tena kwako, na kina mama watu wazima walikuwa wamenuniana miaka kwa jambo hilo. Hakuna aliyetufundisha. Tulikua tukilijua, namna unavyojua mkono wa kulia.

Tulipokuwa darasa la tano tukapata mwalimu wa masomo ya jamii, mwanamke mgeni kutoka nchi nyingine ya Kiarabu, mwenye rula ya chuma. Siku moja alibandika ramani ukutani, akaipiga rula juu kabisa, huko kwenye baridi. Alitaka tujifunze jinsi nchi mbili ndogo zinavyoishi kwa kuuziana bidhaa. Ya kwanza Aisilandi, kisiwa kilichojaa samaki lakini hakina miti ya kujengea. Ya pili Estonia, yenye misitu na ng'ombe wa maziwa. Nje joto lilikuwa limeyalainisha mapira ya viatu vyetu, na sisi tumekodoa macho tukisikiliza habari za theluji.

Akachora mstari wa chaki katikati ya darasa. Upande wa dirisha ukawa Estonia, na mimi nikachaguliwa mkuu wa forodha, nafikiri kwa sababu ya meno yangu. Upande wa mlango ukawa Aisilandi, na mkuu wao akawa binti wa jirani. Tulipewa mwezi mmoja. Aisilandi watajenga mji wa bandari kwa mbao za Estonia, na Estonia wataandaa meza kwa samaki wa Aisilandi, kisha mama zetu waje kutazama.

Mwalimu alikusudia mbao za karatasi na samaki wa karatasi. Bibi aliposikia akacheka hadi akakohoa, akauliza nani anamkaribisha mgeni kwa samaki wa karatasi. Nyumba nyingine nazo zilisema hivyohivyo. Basi wiki ya kwanza haijaisha, Aisilandi wakaleta papa mkavu na dagaa wa sokoni Matrah, na darasa zima likanuka. Sisi tukaleta jibini, samli kwenye makopo, na mbao. Mbao nilizipata mimi kwa seremala wa kichochoroni kwetu, mgeni mmoja mnyamavu aliyeniachia vipande vyote vilivyobaki, vingine na misumari yake. Tulizirundika katika stoo nyuma ya darasa.

Biashara ilishamiri, na forodha ilikuwa ya ngumi. Aliyevuka chaki bila ruhusa alifinywa hadi alie. Mtoto mmoja wa Aisilandi aliyejaribu kupitisha mbao chini ya mtandio nilimwangusha chini na kumkalia. Wao nao walimkamata mwenzetu mmoja, wakamsugua dagaa usoni. Tulivutana nywele na kuchaniana mikono ya mashati, na jioni bibi alikuwa akishona na kunipiga kwa zamu. Mwalimu akiingia, sote tumefunga mikono, rula yake inatafuta pa kuanzia. Lakini mimi na binti wa jirani hatukuwahi kugusana. Tulikutana penye chaki, tukaongea Kiswahili chetu ambacho wengine hawakukijua, tukapatana mbao ngapi kwa samaki gani, na tukagawana pipi huku majeshi yetu yakitukanana kwa Kiarabu. Sijawahi tena kupata mwenzangu wa kuaminiana naye namna ile.

Wiki ya tatu bibi alipika kaimati, akajaza lile bakuli lake la maua mekundu alilolibeba kutoka Unguja kwenye nguo zake, akanipa niwapelekee watu wa nchi ya baridi. Haikuwa biashara, ilikuwa zawadi. Binti wa jirani alilipokea kwa mikono miwili. Niliona wenzake wakila, na yeye akifunga kaimati nne kwenye karatasi na kuzitia mkobani. Wakati ule nilimwona mroho.

Kesho yake akaja hadi penye chaki, mbele ya nchi zote mbili, akanipa bakuli. Limeoshwa, linang'aa, tupu. Nililigeuza nikatazama ndani mara mbili. Masikio yangu yalipata moto. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, kama amesahau kitu.

"Samaki nimeshakupa juzi," alisema bila kunitazama. "Kwenye biashara hayo yamekwisha."

Kwa somo la mwalimu alikuwa sahihi. Kwa milango yetu miwili alikuwa amenitemea mate usoni, na si mimi tu, alimtemea bibi yangu. Nilirudi nyumbani na lile bakuli, na njiani nikanunua ndimu tatu nikaziweka ndani ili bibi asijue. Bibi akasema watu wa nchi ya baridi wana adabu. Nililia chooni kwa hasira, nikiuma taulo.

Asubuhi nikafunga mpaka. Nikatangaza kwamba Estonia haitoi tena hata kijiti, na kwamba Aisilandi ni nchi ya watu wasio na asili. Siku mbili zile darasa lilikuwa kama machinjio. Tulivunja mji wao wa bandari kwa mateke, nyumba kwa nyumba. Wao walimwaga samli yetu sakafuni, na mtoto mmoja akateleza akapasuka kidevu. Mwalimu alitupiga sote viganjani, na tuliporudi kwenye viti tukapigana mateke chini ya madawati. Nakwambia kweli, niliona raha. Kila nilipompiga mtu wa Aisilandi nilikuwa namtafuta yeye, na yeye alikaa nyuma ya wenzake, hapigi na hakimbii.

Siku ya tatu, saa ya mapumziko, nilimkuta stoo peke yake. Alikuwa akichagua mbao za kuujenga upya mji wao. Nikamwambia aziweke chini. Akasema ni zao, wameshazitolea samaki. Tukavutana. Nikamwambia bibi yangu amewalisha, wao wakarudisha bakuli kama la mbwa, na kama kwao hawana adabu basi waseme. Hapo ndipo aliponisukuma, mara ya kwanza katika maisha yetu, akaniambia ninyamaze kuhusu kwao. Niliinua ubao nikampiga nao usoni.

Nimewahi kujiambia kwamba niliteleza. Sikuteleza. Nilichagua ubao, nikaushika kwa mikono miwili, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Msumari sikuuona. Niliusikia ubao umekwama, nikauvuta, na damu ikamwagika juu ya mtandio wake mweupe. Hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, amefunika jicho la kushoto, na damu inapita baina ya vidole. Kelele nilizipiga mimi.

Mwalimu alipoingia, binti wa jirani ndiye aliyezungumza kwanza, kwa Kiarabu kizuri cha darasani. Alisema amejikwaa akaangukia mbao. Alisema nilikuja kumsaidia. Mwalimu akanikumbatia, na damu ya mwenzangu ikampaka kifuani.

Mchana wa siku ya pili bibi alinituma kwao na sufuria ya wali. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali kuoga arudi. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia hadi jikoni kama siku zote. Mtungi wa gesi haukuwapo. Friji lilikuwa wazi kwa ajili ya kuyeyusha barafu, na ndani mlikuwa na chupa za maji na nusu ya kitunguu. Makabati yalikuwa matupu na yamefutwa vizuri. Mama yake alinikuta nimesimama katikati, akafunga kabati moja, akafunga la pili, akapokea sufuria. Akasema kwa sauti ndogo kwamba baba amesimamishwa kazi tangu mwezi wa juzi, mambo yatatengenea, na nisimwambie bibi. Ndipo nilipozikumbuka zile kaimati nne kwenye karatasi, na nikajua zilikuwa za nani. Hakurudisha bakuli tupu kwa jeuri. Hakuwa na hata ndimu moja ya kutia.

Jambo likavuma, na mtu wa kulaumiwa alihitajika. Lawama zikamwendea seremala aliyetoa mbao zenye misumari. Bibi mwenyewe alishuka ngazi, akamzaba kofi mbele ya gereji zote, na wanaume wa mtaa wakaingia dukani kwake wakamvunjia meza na randa. Nilitazama kutoka dirishani. Yule mtu aliokota vifaa vyake kimoja kimoja, na mwezi haukuisha akawa amerudishwa kwao. Nilikuwa na maneno ya kumwokoa mdomoni, na sikuyasema.

Hospitali nilipelekwa siku ya tano. Jicho lilikuwa limeshaondolewa. Bibi na mama yake walipotoka kwenda kumwona daktari, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia nitasema kila kitu, leo hii, bibi akirudi tu. Alinishika mkono wangu, akanikaza kucha.

"Usiseme. Ukisema watauliza tuligombea nini, na baba hataki watu wajue," alisema. "Nyamaza wewe, na mie nitanyamaza."

Tulikuwa na miaka kumi na moja. Niliitikia kwa kichwa, na moyoni, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu. Mapatano yetu yote penye chaki yalikuwa ya haki, haya hayakuwa. Mimi nilificha njaa ya nyumba moja, ya miezi michache. Yeye alinifichia mkono wangu kwa umri wake wote, na kila akijitazama kwenye kioo analipa tena.

Walihama kabla mwaka wa shule haujaisha. Bibi alifariki akimwombea dua yule mtoto aliyeanguka kwenye mbao, na akinisifu kwa wageni kwamba pamoja na ukorofi wangu wote, siku ile nilikuwa na huruma. Nilizisikia sifa hizo miaka mingi, na kila mara niliinamisha kichwa wakadhani ni haya. Sijauma mtu tena tangu siku ile, na wala sijampiga mtoto wangu hata kofi. Watu husema nimetulia.

Nilikutana naye mara moja tu, kwenye harusi, ukumbi wa wanawake, katika hoteli moja upande wa Bustan. Alikuwa na miwani ya rangi, amependeza, mikono imejaa hina. Alinikumbatia, akamwita binti yake aje anisalimie, akamwambia huyu nimekua naye. Ngoma zilikuwa zinapigwa, hivyo alinisogelea sikioni kuniuliza kama bibi aliwahi kujua. Nikamwambia hapana. Akasema wazazi wake pia walifariki bila kujua, na kwamba ni bora hivyo, kisha akaenda kucheza na wenzake.

Jiko la jirani lilianguka kabla ya adhuhuri. Kabati lilining'inia kidogo kwenye ukuta uliobaki, mlango wake umefunguka, halafu likashuka pamoja na vumbi, na mafundi wakarudi kwenye kazi zao. Siku hizi watoto wa majengo mapya hawajui nani anaishi mlango wa mbele, na chakula kinaletwa na pikipiki katika boksi la kutupa. Hakuna anayengoja chombo chake kirudi. Mara nyingine naona ni afadhali, na mara nyingine roho inaniuma hadi nashindwa kuendesha.

Nilipoanza kukusimulia nilitaka kukiri sehemu yangu tu, kwamba nilimpiga. Nimejaribu mara nyingi kuisema peke yake na haisemeki. Nikifika kwenye ubao lazima nieleze bakuli, nikieleza bakuli lazima nifungue makabati ya mama yake. Sasa umejua walivyokuwa na njaa, jambo ambalo alitoa jicho lake ili usilijue. Yeye alinyamaza hadi leo. Mimi ndiye niliyeshindwa.